Shajara ya mradi: podikasti ya biashara yetu ya cherehani

Naandika hii kwa yeyote mwenye biashara ndogo anayefikiria kuanzisha podikasti ili wateja wamjue na waongee naye. Sisi tunauza cherehani na vipuri, na tunatengeneza zilizoharibika. Tuko watatu: mimi, dada wa mauzo anayepokea simu, na fundi mkuu ambaye wote tunamwita Mzee japo hajazeeka kivile. Hatua zilizoenda vizuri nazipitia haraka, zilizotusumbua ndo nimezipa nafasi. Gharama nazitaja kwa muda na kwa sehemu ya bajeti, maana bei za vifaa kila mahali na yake.

10 Januari: kwa nini sauti

Wazo lilitoka kwenye simu za dada wa mauzo. Kila siku anaulizwa yaleyale, uzi unajikusanya chini ya kitambaa, sindano inavunjika, mashine inaruka mishono. Anajibu vizuri sana, ana subira kutushinda sisi wawili tukiwekwa pamoja, lakini jibu linaishia kwa mtu mmoja na kesho anarudia upya. Tukasema hayo majibu yarekodiwe.

Halafu kuna wateja wenyewe. Fundi cherehani akiwa kazini macho yako kwenye mshono, mikono kwenye kitambaa, mguu kwenye pedali, kilichobaki bure ni masikio. Video hawezi kuangalia, makala hawezi kusoma, ila kusikiliza anasikiliza masaa. Kama wateja wako hawana kazi ya namna hiyo, wala safari ndefu za kila siku, mi ningesema fikiria mara mbili kabla hujaingia huku, pengine picha na video fupi zitakulipa zaidi.

Tulichotenga: nusu ya hela ya matangazo ya robo mwaka, na alasiri moja kwa wiki kazi zikiwa zimepungua.

22 Januari: maiki ya kisasa, sauti ya hovyo

Tulinunua maiki ya kondensa kwa sababu ndo ile inayoonekana kwenye picha za watu wanaorekodi. Sauti iliyotoka ni kama tunaongea tukiwa ndani ya tanki la maji. Kumbe maiki za aina hii zinasikia kila kitu, feni, magari nje, kiti kikisogezwa, na zaidi ya yote mwangwi wa sakafu ya vigae na kuta tupu. Nikakaa jioni nzima najaribu kuusafisha kwenye kompyuta na haikusaidia, maana kelele ya mvumo mmoja kama feni unaweza kuipunguza ila mwangwi umeshajichanganya na sauti yenyewe ya mtu, ukiung'oa unaondoka na maneno.

Dawa ikapatikana stoo. Kuna majora ya vitambaa vya kufanyia majaribio mpaka juu, tukajibana katikati yake na mwangwi ukaisha hapohapo. Maiki tukabadilisha, tukachukua ya dainamiki, hii haisikii vya mbali sana, inabidi uisogelee kama upana wa ngumi moja kutoka mdomoni. Ukiisogelea hivyo linakuja tatizo lingine, kila P na B inapiga kishindo kama mtu anapuliza mshumaa, na "pia", "bobini", "pamba" ziko kila sentensi. Tukaigeuza kidogo pembeni ya mdomo badala ya mbele kabisa, pumzi ikawa inapita bila kuigonga.

Ile ya kondensa tuliiuza kwa hasara. Kwa hiyo ukitaka kuiga, kabla hujanunua chochote rekodi dakika mbili kwa simu uliyonayo ndani ya chumba chenye nguo nyingi, simu ikiwa kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Ikieleweka vizuri, anza na hiyohiyo.

8 Februari: mambo madogomadogo

Kuediti tunatumia Audacity, ni ya bure na inatosha. Picha ya podikasti Apple wanataka ya mraba, angalau pikseli 1400 kwa 1400 na isizidi 3000 kwa 3000. Ya kwanza tuliijaza maandishi, kwenye simu ikawa doa tu, tukabakiza cherehani na neno moja.

Muziki wa mwanzo nao ulitaka kutuponza. Nilipata wimbo wenye leseni ya Creative Commons nikajua ni bure kwa kila mtu, dada wa mauzo ndo akasoma vizuri akakuta una herufi NC, maana yake usitumike kibiashara. Podikasti ya kutangaza biashara ni biashara hata kama hulipishi mtu kusikiliza. Tafuta yenye BY peke yake, halafu mtaje mwenye wimbo kwenye maelezo. Sisi tuliishia kurekodi cherehani ikishona sekunde nne, ndo mlio wetu wa kufungulia, na hakuna atakayetudai.

21 Februari: vipindi vya kwanza watu wanavikimbia

Hapa ndo penye kazi. Vipindi vya kwanza nilivitunga mimi: karibuni, sisi ni nani, tulianzaje, mashine mpya zilizoingia, ofa, kwaherini. Takwimu za upakuaji zilikuja za kutia moyo tukafurahi, halafu nikaenda kusoma hiyo namba inahesabiwaje. Kwa utaratibu wa IAB, shirika la matangazo ya mtandaoni, ambao huduma nyingi zinaufuata, upakuaji mmoja ni pale faili limeshuka kiasi cha kutosha kucheza dakika moja, na kifaa kilekile kikirudia ndani ya masaa 24 kinahesabiwa mara moja. Yaani hakuna anayesema mtu amesikiliza. Programu ya simu inaweza yenyewe kushusha kipindi usiku, kikakaa humo mpaka kifutwe.

Mchoro wa kweli uko kwenye akaunti ya mwenye podikasti ndani ya Apple Podcasts na Spotify, unaonyesha kipindi kikiendelea wasikilizaji wanakatia wapi. Wetu ulikuwa unaporomoka kabla hata sijamaliza kueleza tulianzaje. Wachache waliovumilia walipanda tena sehemu moja tu, pale Mzee alipopita stoo kuchukua mkanda, akasikia nasema mashine ikikusanya uzi chini ukague bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akadakia "hapana bwana, hilo kosa liko juu". Akaeleza kwamba mara nyingi uzi wa juu unakuwa haujaingia kwenye vile visahani vya kuukazia, inua mguu wa mashine visahani vifunguke, toa uzi wote, pitisha upya. Sekunde arobaini hivi, hazikupangwa, na kuna watu walirudisha nyuma kusikiliza tena.

Tulichobadilisha:

Historia ya biashara imetolewa yote. Salamu ni sentensi moja, ya pili inataja tatizo la leo. Matangazo ya bidhaa yanakuja pale tu bidhaa ndo jibu, kwa mfano tukiongelea sindano butu tunasema tunauza sindano za saizi gani, basi. Na Mzee anakaa kwenye maiki kila kipindi, mimi nauliza. Yeye alikataa mwanzoni akasema hajui kuongea redioni, nikamwambia ndo maana tunamtaka.

2 Machi: "hamsikiki"

Malalamiko ya wateja yakawa sauti iko chini. Kwenye hedifoni zangu ilikuwa safi, lakini msikilizaji wetu anatumia spika ya simu, kaiweka mezani na cherehani tatu zinanguruma pembeni. Mzee akiongea kwa nguvu anasikika, akishusha sauti kueleza jambo la maana anapotea kabisa.

Marekebisho ni mawili na lazima yafuatane. Kwanza kubana sauti, ile kompresa ya Audacity, inashusha vilele ili sauti ya juu na ya chini zikaribiane. Pili kupandisha kipindi kizima kifike kiwango kimoja. Apple wanapendekeza -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na vilele visipite -1 dB. Sisi tunarekodi mono, yaani chaneli moja, na kwenye kisanduku cha kusawazisha ukubwa wa sauti cha Audacity kuna alama ya kuhesabu mono kama chaneli mbili, iweke, vinginevyo kiwango kitakachotoka sicho ulichokusudia. Nilivyofanya kinyume, yaani nikapandisha kwanza ndo nikabana, vipindi vikatoka kila kimoja na ukubwa wake, msikilizaji anahangaika na kitufe cha sauti.

Gharama ya hatua hii ni muda tu. Ila sasa kila kipindi nakisikiliza kwa spika ya simu karibu na mashine inayoshona kabla sijakipandisha, na naona ni kipimo cha maana kuliko hedifoni yoyote.

15 Machi: mashine zinaanza kuongea

Tulitoa namba ya WhatsApp tukaomba watu watume maswali kwa voisi. Lengo langu lilikuwa kupata sauti tofauti kwenye kipindi, kisichoke. Mzee ndo aliona mbali zaidi, akasema waambie wasinielezee, waweke simu karibu na mashine waishonishe, maana yeye tatizo analijua kwa mlio. Sindano butu ina kishindo chake ikitoboa kitambaa, mashine kavu isiyotiwa mafuta ina mlio wake wa kusaga, mkanda uliolegea nao hivyohivyo. Hiki kitu kwa maandishi hakielezeki na kwa picha hakionekani. Kwenye simu ya kawaida kingewezekana lakini kingemfaidia mtu mmoja.

Voisi zikaja, na kati ya hizo nyingi hazikuwa na mashine ndani. Mteja anasikika vizuri kabisa anasema "sikiliza hii", halafu kimya, halafu "umesikia?". Tukadhani wanatutania. Ilikuwa simu zao, baadhi zina mfumo wa kupunguza kelele mtu anaporekodi, na kwa simu kelele ni kila kisichokuwa sauti ya binadamu, kwa hiyo ule mlio tunaoutaka ndo unafutwa wa kwanza. Zile chache zilizopona nikaziua mwenyewe kwenye kuediti, maana nilikuwa na mazoea ya kupitisha kipindi kizima kwenye kipunguza kelele. Mzee anasikiliza kipindi kilichotoka anauliza mbona mashine niliyoisikia jana leo imepona.

Tulipofikia: tunawaomba watu wafungue programu ya kawaida ya kurekodi sauti kwenye simu, au warekodi video hata kama kamera inaangalia meza, halafu walitume kama faili. Mara nyingi mlio unakuja mzima. Wasiongee mashine ikitembea. Mimi kwenye kuediti kila sauti iko kwenye mstari wake, kipunguza kelele kinapita kwenye mstari wangu na wa Mzee tu, wa mteja siugusi. Na mlio tunaucheza mara mbili: kwanza bila maelezo ili msikilizaji abahatishe, halafu baada ya Mzee kujibu unarudi tena ili asikie kilichosemwa. Kiukweli toka hapo ndo nikaona podikasti yetu ina sababu ya kuwepo. Watu wanatuma majibu yao kabla ya kusikia la Mzee, wanabishana naye, na kuna mara fundi mmoja alimshinda kwa haki, tukampa dakika zake.

29 Machi: ruhusa

Mteja mmoja aliyetuma mlio alitajwa jina kipindini. Wateja wake wakamsikia, wakaanza kumuuliza kama nguo zao zinashonwa na mashine mbovu. Hasira zake zilikuwa za haki. Tuliliondoa jina na kupandisha faili jipya siku hiyohiyo, lakini ukumbuke kubadilisha faili hakufuti nakala zilizokwisha shuka kwenye simu za watu, zile zimeenda. Sasa kabla ya kutumia sauti ya yeyote tunamwandikia tukieleza itatumika wapi, tunasubiri "ndiyo" ya maandishi, tunaihifadhi, na majina hatutaji kabisa hata akiruhusu.

19 Aprili: kuhama huduma ya kuhifadhi

Huduma ya kwanza tuliyotumia kuhifadhi vipindi ilianza kuingiza matangazo ya watu wengine ndani ya podikasti yetu, mara ya mwisho tangazo la washindani. Tukahama.

Kwa wasiojua, podikasti kwa ndani ni faili la RSS, orodha ya vipindi na anwani za sauti, na programu zote za kusikilizia zinasoma orodha hiyo. Mfumo ni uleule tangu enzi Apple inaingiza podikasti kwenye iTunes mwaka 2005. Raha yake ni kwamba hufungwi na programu moja, Google walipofunga Google Podcasts mwaka 2024 wasikilizaji waliweza kuhamia programu nyingine na kufuata fidi zilezile, yaani hizo orodha za RSS.

Tulichokosa kuangalia ni kwamba kila kipindi kwenye orodha kina kitambulisho chake, GUID, na programu inajua kipindi ni kipya kwa kuangalia hicho. Huduma mpya ilipovuta vipindi vyetu ikavipa vitambulisho vipya. Asubuhi wafuasi wakaamka simu zimejaa vipindi vyote vya zamani kama vimetoka usiku, vingine viko viwiliviwili. Wapo waliotuacha siku hiyo, grafu inaonyesha. Tuliwaandikia huduma mpya, wakarudisha vitambulisho vya zamani kutoka kwenye nakala ya fidi, na hiyo nakala ilikuwepo kwa bahati tu, dada wa mauzo aliihifadhi akiwa anatafuta kitu kingine.

Ukihama: pakua faili la RSS lote kwanza, uliza kama GUID zitabaki, jaribu na uangalie fidi mpya kabla ya kuwasha, halafu uweke uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, na akaunti ya zamani usiifunge haraka maana kuna programu zinachelewa kuangalia. Kama una tovuti yako, bora anwani ya fidi iwe ya kwako tangu mwanzo, siku ya kuhama unabadilisha nyuma ya pazia na hakuna anayejua.

10 Mei: inauza au haiuzi?

Tulianza na neno la siri la punguzo kila kipindi. Likafa upesi, mtu mmoja analisikia, analiweka kwenye grupu, wote wanakuja nalo na hawajawahi kutusikiliza hata dakika. Punguzo tulitoa, taarifa hatukupata. Sasa dada wa mauzo anauliza tu "umetufahamu wapi?" na anaweka alama kwenye daftari. Haina ujanja wowote lakini ndo inayotupa kitu.

Kilicholeta mjadala ni Mzee. Alisema, na alikuwa na hoja, kwamba tunawafundisha wateja wasije. Kazi ndogondogo zimepungua kweli, mtu aliyekuwa analeta mashine kwa sababu ya uzi kujikusanya sasa anajirekebishia nyumbani. Upande mwingine sindano na mafuta zinatoka kuliko zamani, na wanaoleta mashine wanaleta zenye shida kubwa, tena wanakuja wakiwa wameshajua shida ni nini na wanamtaka Mzee kwa jina. Simu za maswali yaleyale zimepungua, dada anasema sasa anapata muda wa kula. Mi nahesabu tumefaidika, Mzee anasema tungoje mwaka uishe. Tumekubaliana matatizo yanayohitaji kufungua mashine ndani hatuelekezi hatua kwa hatua, tunaeleza tu dalili na hatari yake, kwa sababu mtu akivuruga mpangilio wa sindano na ndoano ya bobini kazi ya kurudisha inakuwa kubwa kuliko ya mwanzo.

7 Juni: wasiotumia programu za podikasti

Wateja wetu wengi hawana programu yoyote ya podikasti na hawana mpango wa kuweka. Wanaomba faili WhatsApp. Kipindi cha dakika 20 kwa MP3 ya 128 kbps, yaani wingi wa data kwa sekunde, kinakuwa kama MB 19, watu wakalalamikia bando. Nikashusha mpaka 64 kbps mono, ikawa chini ya MB 10, na kwa maongezi matupu tofauti sikuisikia, mlio wa mashine umepungua ukali kidogo ila Mzee anasema bado anautambua. Ubaya wake, faili likishaingia WhatsApp halionekani kwenye takwimu zozote, kwa hiyo namba zetu za Apple na Spotify ni sehemu tu ya wanaotusikia, na hatujui ni sehemu gani. Nimekubali, sitafuti mdhamini wa kumwonyesha namba.

Pia nimeanza kuandika maelezo ya kila kipindi: tatizo, jibu kwa sentensi mbili, na dakika linapopatikana. Inachukua kama robo saa. Faida niliyoitegemea ni watu kutupata kwenye utafutaji. Iliyotokea kweli ni kwamba dada akipigiwa anajibu kwa kutuma linki na dakika, "nenda dakika ya sita", na mteja akishafika dakika ya sita mara nyingi anaendelea mpaka mwisho.

Kinachofuata ni kujaribu kurekodi na fundi aliye mbali, kila mtu akijirekodi kwenye simu yake na kupiga kofi moja mwanzoni ili nipate pa kuoanisha sauti mbili. Jaribio la kwanza lilianza sawasawa, kufika mwisho wake sauti zimepishana kiasi kwamba Mzee anajibu kabla hajaulizwa, inaonekana saa za simu mbili haziendi mwendo mmoja. Wiki hii tunapiga kofi na mwishoni pia, nione kama kuivuta sauti moja ifike kofi la pili kutatosha au itabidi niikate vipandevipande.